Mnyama Niliyemtunzia Kaka

Mwanangu ana gemu kwenye simu yake ambamo anafuga wanyama wasiokuwepo duniani. Anawakamata porini, anawafundisha kupigana, anawapa majina, na akiona wawili wamepatana anawaweka pamoja mpaka apate yai. Yai hilo haliatamiwi. Linataka kutembezwa. Simu yenyewe inahesabu hatua za mwenye kuibeba, na akikaa kitako, yai nalo linakaa. Jumamosi moja alikuwa na mafua, akanifuata jikoni na simu mkononi.

"Mama, ukienda sokoni nenda na hii. Ila tembea, usipande bajaji."

Nikaitia kwenye mkoba, nikatoka. Nilipofika karibu na soko nikagundua kwamba natembea polepole mno, mkoba nimeukumbatia kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba trei ya mayai ya kuku. Mwili ulikuwa umekumbuka kabla yangu. Nikasimama kando ya barabara hadi muuza machungwa akaniuliza, "Mama, uko salama?" Nikamwambia niko salama. Nikanunua machungwa yake bila kuyahitaji.

Maana mimi niliwahi kutembeza yai la namna hiyo, zamani, kabla dunia haijawa na simu inayohesabu hatua za mtu. Nililitembeza Mbinga, kwenye njia za katikati ya miti ya kahawa, na nililitembeza kwa ajili ya kaka yangu Osmundi.

Kwetu palikuwa mlimani, juu kidogo ya mji. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni, ukaziacha paa za bati za Mbinga zikitokeza kama vitu vilivyosahauliwa kwenye maziwa. Baba alikuwa Mmatengo wa kahawa na ngoro, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, mtu wa misa ya kwanza, mtu ambaye akikwambia neno mara moja hulisikii mara ya pili. Mama alitoka ziwani, Lundo, na hakuwahi kuizoea baridi yetu. Hata jua likiwaka alijifunga kitenge kifuani na kingine mabegani. Osmundi alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mingi. Kati yetu walikuwapo wawili waliofariki wachanga, na nadhani ndiyo maana alinipenda kwa namna ile, kama mtu aliyengoja sana.

Ilikuwa miaka ambayo ushirika ulikuwa umelegea na wanunuzi wapya wamejaa barabarani na pikapu zao na mizani zao. Baba hakuwataka. Alikuwa mjumbe wa chama cha ushirika, na aliamini kwamba kahawa ni kitu cha kupeleka ghalani, uandikishwe, ungoje. Osmundi aliona kungoja ndiko kulikokuwa kunatumaliza. Basi baba alipokwenda Songea kumuuguza shangazi, kaka akachuma kipande kizima cha shamba la juu, akamuuzia mtu wa pikapu. Kwa fedha hiyo alinunua belo la mitumba, yote mabegi ya shule kutoka Ulaya, akafungua meza sokoni.

Baba aliporudi na kuikuta mikahawa ya juu imechumwa, kaka hakukana. Alisema mabegi yakiisha atarudisha kila kitu na cha juu yake. Baba hakusema neno. Tulijua kwamba neno lipo, ila halijafika.

Ni katika mabegi hayo ndimo gemu ilimotoka. Nilikuwa namsaidia kaka kuyafuta vumbi nyumbani, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa begi moja la kijani, nikagusa kitu kigumu. Kilikuwa cha plastiki ya zambarau, kinajaa kiganja, kina kioo kidogo na vitufe, na mgongoni kimechomekwa kaseti ndogo. Ndani ya mfuko huohuo kulikuwa na ganda la peremende. Kaka alikigeuza, akakinusa, akakitikisa sikioni. Kisha akaenda kuchomoa betri ndogo ya saa ya ukutani, akaazima nyingine kwenye tochi ya kalamu ya mwenzake wa sokoni. Kioo kikawaka, muziki mwembamba ukatoka, na saa ya baba tangu hapo ikawa inasimama na kwenda bila mtu kuelewa ina ugonjwa gani.

Maneno yake yalikuwa ya kizungu chenye vitone viwili juu ya baadhi ya herufi. Kaka, aliyefika kidato cha pili, alisema si Kiingereza. Basi tukajifunza kwa kubahatisha. Kulikuwa na kijana mwenye kofia anayetembea nchi nzima. Akipita majanini, mnyama anamrukia. Unamchosha kwanza, halafu unamrushia kamba ya mwanga. Mara nyingi anaikata na kukimbia, lakini akichoka vya kutosha anakubali, na kuanzia hapo anakufuata. Ndani tulikuta wanyama waliokwisha kufugwa na mtoto fulani wa huko mabegi yalikotoka. Walikuwa na majina tusiyoweza kuyatamka, na walikuwa na nguvu, na walitutii ovyo ovyo, kama ng'ombe wa mtu mwingine.

Kaka alitaka wa kwake. Jioni nyingi tulikaa nyuma ya jiko, mabega yamegusana, moshi unatuingia machoni, tukimfukuza mnyama mmoja wa mapangoni aliyefanana na kakakuona, mgongo wake umejaa mawe. Alitukimbia mara nyingi hadi mimi nikamchukia. Siku alipokubali, kaka hakupiga kelele. Alishusha pumzi tu, akanitazama.

"Anaitwa Mawe," akasema.

"Na wangu?"

"Wako mwite upendavyo. Ila sema taratibu, baba yuko uani."

Wangu nilimkamata mtoni, kitu kama chura mwenye masikio ya sungura. Nikamwita Tone.

Betri ndogo zilipokwisha kabisa, kaka alichukua betri kubwa za tochi, akaziunga kwa nyaya za redio mbovu na kuzifunga kwa mpira wa baiskeli. Gemu ikawa na mkia mzito kuliko yenyewe. Betri zilizochoka tuliziweka juani kwenye chanja za kuanikia kahawa, katikati ya kahawa yenyewe, na jioni zikawa na uhai wa kutosha kumlea Mawe kwa muda. Mpaka leo chuma kilichopata joto la jua kina harufu inayonifanya nitafute bega la mtu pembeni yangu.

Neno la baba lilifika baada ya mkutano wa chama. Sijui ni nani alisema nini huko, ila nadhani ilisemwa mbele za watu kwamba mjumbe anawahimiza wenzake walete ghalani huku mwanawe anauza barabarani. Alirudi akaketi bila kuvua koti.

"Osmundi."

"Naam, baba."

"Shamba moja haliwezi kuwa na wanaume wawili. Nenda katafute lako."

Mama alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. "Baba Osmundi, mtoto amekosa, lakini—"

"Nimesema naye."

Asubuhi yake kaka alifunga nguo zake katika begi moja la biashara. Alisema anashuka Lundo, kwa mjomba, kuvua. Kabla ya kuondoka aliniita nyuma ya jiko, akanipa gemu pamoja na betri zake, imefungwa ndani ya kitambaa.

"Mawe nimemwacha kwa yule bibi mwenye zizi," akaniambia. Ndani ya gemu kulikuwa na bibi mmoja aliyewatunzia watu wanyama wao. "Usimtoe. Atakuwa anakua."

"Atakula nini?"

"Hali kitu. Wewe tembea tu. Ukitembea, anakua."

"Nitembee mpaka lini?"

Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. "Mpaka nirudi," akasema.

Yeye alikuwa na maana ya kumtembeza yule kijana mwenye kofia kwa kidole gumba. Mimi nilielewa miguu yangu. Nilikuwa mtoto, na mtu niliyempenda aliniambia nitembee.

Nikatembea. Nilikuwa naiwasha gemu, naitia ndani ya blauzi ya shule na mkia wake wa betri, nashuka hadi shuleni nikiwa nimejikunyata. Mama akinituma chumvi duka la karibu, nakwenda duka la mbali. Nilichota maji kwenye chemchemi ya upande wa pili wa kilima wakati yetu ilikuwa mlangoni. "Huyu mtoto siku hizi ana miguu," mama aliwaambia jirani, na alisema kwa fahari. Nikipata nafasi, nilijificha katikati ya mikahawa nikamchezesha kijana mwenye kofia, namtembeza hadi kwa bibi kumwona Mawe. Kila nikifika nilimkuta amekua kidogo. Nikaisifu miguu yangu.

Halafu nikamwonea huruma. Alikuwa peke yake zizini muda wote huo. Nikamweka Tone kando yake, wapate kuzungumza. Sikuwa na wazo lingine. Baada ya siku kadhaa nilimkuta bibi amesimama nje ya uzio, amegeukia upande usio wa kawaida, na nilipomsogelea akasema maneno marefu yenye vitone vyake, kisha akanipa yai.

Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Nilikaa chini ya mkahawa nikilitazama. Lilikuwa na madoa ya kijivu, na mara mojamoja lilitikisika. Tangu hapo nilitembea kama mtu mwenye mtungi kichwani. Sikukimbia, sikuruka kamba na wenzangu. Lilipasuka nilipokuwa nafua mtoni, gemu ipo kwenye jiwe pembeni yangu, natumia kidole kikavu kimoja. Kilichotoka kilikuwa na masikio ya Tone na macho ya Tone, lakini nilipokipeleka kupigana kilirusha mawe. Hakuna Tone aliyejua kurusha mawe. Lilikuwa pigo la Mawe, alilirithi kwa baba yake bila kufundishwa na mtu. Nilicheka peke yangu mpaka nguo moja ikachukuliwa na maji.

Nilimpa jina la Lundo, kwa kuwa kaka alikuwa huko. Bibi alipotoa yai la pili nikamwita mtoto Liuli, kisha wakaja Lituhi, Kihagara, Mbaha, na Chiwindi, majina ya vijiji vya ziwani ambayo mama aliyataja akisimulia utoto wake. Mimi sikuwa nimekiona hata kimoja. Nilikuwa nampangia Osmundi ufuko mzima, ili siku akirudi nimwonyeshe uzao wa mnyama wake.

Lakini hakurudi, wala hakutuma mtu. Mwanzoni mama mmoja muuza samaki alituambia amemwona kaka kule Lundo, anavuta nyavu na wenzake. Baadaye huyohuyo akasema amehama kwa mjomba, hajui amekwenda wapi. Kisha hata huyo mama akaacha kuja mtaani kwetu. Nyumbani jina la kaka halikutajwa. Baba alipata shida moja tu ambayo nafikiri hakuitegemea: miaka yote alimwita mama kwa jina la Mama Osmundi, na sasa hakuwa na namna ya kumwita. Akawa anasema "wewe", au anakohoa kwanza ndipo anazungumza. Mama alikuwa akiitika kikohozi.

Ukafika tena msimu wa kahawa kuiva. Mchana mmoja nilijipenyeza shambani, nikaiwasha gemu. Muziki ukaja kama kawaida. Kilichotakiwa kufuata ni ule mstari wa kuendelea pale ulipoishia, na mstari huo haukuwepo. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa kaseti, nikaipuliza, nikaifuta kwa sketi. Mwishowe nikabonyeza kilichokuwepo, na mzee mmoja nisiyemjua akajitokeza gizani akaniuliza jina langu, kana kwamba sijawahi kufika.

Leo najua kwamba ndani ya kaseti ile kulikuwa na betri yake yenyewe, ndogo kama kifungo cha shati, na hiyo ndiyo iliyoshika kumbukumbu zote, na siku yake ya kufa ilikuwa imefika. Siku ile nilijua kitu kingine. Mawe alikuwa akue mpaka kaka arudi. Mawe hayupo. Kwa hiyo kaka harudi.

Nilishuka hadi kwenye chanja. Mama alikuwa upande mmoja akichambua kahawa, baba upande wa pili akiigeuza.

"Mama," nikasema, "kaka amekufa."

Mikono yake ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Nimeona."

"Umeona wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba. Alikuwa amezunguka chanja na kuja karibu, na sikuweza kumwambia kuhusu gemu iliyotokana na kahawa yake mwenyewe. Nikalia. Nililia kilio cha msiba kweli, kwa sababu kwangu ulikuwa msiba, na mama akaketi chini palepale kwenye maganda.

Baba alinitazama. Akarudi kwenye kahawa yake, akaigeuza kidogo, akaacha. Akasimama akiangalia viganja vyake.

"Mama Osmundi," akasema.

Mama akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo tangu kaka aondoke.

"Nitengenezee viazi vya njiani. Kesho nashuka ziwani. Na huyu atakwenda na mimi, yeye ndiye aliyeona."

Tulipanda lori lililokuwa linapeleka mahindi Mbamba Bay. Nilikaa juu ya magunia katikati ya magoti ya baba, gemu ipo ndani ya blauzi yangu, na kila kona ya mlima baba alinikaza zaidi. Joto lilikuwa likipanda kutufuata kutoka chini. Kwenye kona moja nikaona kitu cha bluu kimetandazwa mbali, chini yetu, nikamwuliza baba kwa nini huku mbingu imeanzia chini. Hakunicheka. Akasema, "Hiyo ndiyo kwao mama yako."

Kutoka Mbamba Bay hadi Lundo kwa sehemu kubwa tulikwenda kwa miguu. Mjomba alikuwa anashona wavu kivulini mwa nyumba yake. Alitupokea, akatupa maji, akauliza habari za mlimani, na baba alizijibu zote kwa heshima, moja baada ya nyingine, kabla hajauliza yake.

"Shemeji, kijana yupo?"

"Osmundi? Hayupo."

Baba alikaa juu ya kinu kilicholazwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa na mwili wake kwamba hautamchukua tena. Mjomba alimwangalia, akaweka chini sindano ya wavu.

"Hayupo hapa kwangu, shemeji. Yupo kambini kwa wavuvi, nyuma ya mawe yale. Aliugua homa mbaya, akapona, akahamia huko. Nani amekutisha hivyo?"

Baba alinyoosha mkono, akaniwekea kichwani.

Tuliyazunguka yale mawe makubwa, miguu ikizama mchangani. Upande wa pili zilikuwapo chanja ndefu, safu kwa safu, za kukaushia usipa, wale samaki wadogo wanaong'aa kama sindano. Vijana walikuwa wakifanya kazi vifua wazi, na mmoja wao alikuwa anacheka. Alikuwa amekonda, amerefuka, ndevu zimeanza kumwota. Nilikitambua kicheko kwanza. Na hapohapo, kabla hata ya furaha, kitu kilinichoma: kumbe siku zote hizi alikuwa anacheka.

Alituona. Akaifuta mikono kwenye kaptula, akaja, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mawimbi yalikuja na kurudi. Baba aliangalia chanja iliyokuwa mbele yake.

"Hawa mnawageuza mara ngapi?"

"Jua likiwa kali ni muda wote, baba."

Baba akavua koti, akanipa nilishike. Akakunja mikono ya shati, akaingiza viganja katikati ya usipa, akaanza kuwageuza, kuwatandaza, kuwatoa walioharibika na kuwatupa pembeni, kwa mwendo uleule wa kahawa. Kaka akaja upande wa pili wa chanja, akafanya vilevile. Walikwenda sambamba hadi mwisho.

"Mnawarundika katikati," baba akasema. "Wa chini wataoza."

"Ndiyo, baba."

"Mama yako anakuulizia."

"Ndiyo, baba."

Hayo ndiyo waliyozungumza. Nimeyapima maneno hayo maisha yangu yote na sijaona kilichopungua.

Walipomaliza, Osmundi alikuja kwangu akachuchumaa. "Mdogo wangu, mbona machozi?"

"Mawe amepotea."

"Mawe gani?"

Nilidhani hakusikia. "Mawe. Wa kwa bibi. Amepotea na watoto wake wote."

Alinitazama usoni, na niliona kabisa jinsi alivyokuwa anatafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni akijua kwamba hakuweka kitu. Nikaitoa gemu ndani ya blauzi. Hapo uso wake ukafunguka.

"Ah, hii? Bado unayo?"

Akaketi mchangani, akaiwasha, akabonyeza huku na huku. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vinene, vina mikwaruzo ya nyavu. "Imejifuta," akasema. "Si kitu. Unaanza upya tu. Ona, anakupa wanyama watatu, uchague mmoja."

"Chagua wewe."

"Wewe chagua, mimi nitakuja kumwona." Mtu mmoja aliita kutoka majini. Mitumbwi ya jioni ilikuwa inasukumwa. Akanirudishia gemu, akanigusa shavu kwa mkono wenye magamba, akakimbia, akashika ubavu wa mtumbwi pamoja na wenzake na kurukia ndani maji yalipomfika mapajani.

Nilibaki na wale wanyama watatu. Walisimama wakinitazama, wananingoja niseme mmoja. Kioo kikaanza kufifia, na sikuchagua. Baba alinikuta nalia, akadhani ni furaha ya kumwona kaka mzima, akanivika koti lake mabegani. Sikumsahihisha. Ilikuwa furaha pia.

Osmundi hakurudi kuishi Mbinga. Alikuja Krismasi iliyofuata na kikapu cha samaki, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, na baba akampa kisu akate nyama. Baadaye alioa palepale ufukweni. Leo ni mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu, ana mitumbwi yake, na akinipigia simu anaanza na mvua: imenyesha huko au bado. Ni kaka mwema. Nilipowahi kumtajia Mawe, alicheka kwa upole, akasema watoto wana kumbukumbu. Simlaumu. Ninayemtamani hayumo ndani yake tena, na si kosa lake. Namtamani yule wa nyuma ya jiko, aliyeshusha pumzi mnyama alipokubali kamba, akageuka kunitazama ili nami nione. Nilimtunza yule kwa miguu yangu kadiri nilivyoweza. Nilichokipata ziwani ni mtu aliyeponea huko bila msaada wangu, na ilinichukua miaka mingi kukubali kwamba hilo ndilo jambo jema zaidi lililowahi kututokea.

Safari ile tulirudi mlimani na lori la magunia ya usipa. Katikati ya mlima lilisimama kwenye kijito kujaza maji, abiria wote wakashuka kunawa vumbi. Nilinawa, nikanywa. Baba hakunawa. Alikaa juu ya jiwe, mikono ameiweka magotini, viganja vikiangalia juu, na dereva alipomwambia, "Mzee, maji hayo," alimshukuru tu.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na vitenge vyake viwili, na nadhani alisimama hapo tangu tulipoondoka. Aliogopa kuuliza. Baba alipanda uani, akaenda hadi mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea komunyo.

Mama aliishika. Akaisogeza usoni, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akavuta tena. Alikaa hivyo, uso wake ukiwa ndani ya viganja vya baba, hadi nikadhani amesahau kwamba tupo.

"Amekonda?" akauliza kutoka humo ndani.

"Kidogo," baba akasema.